Radhi Nje ya Msimu

Hadithi njoo. Uongo njoo, kama upo. Utamu sikuahidini leo, na mwenye kutaka kucheka acheke mapema.

Palikuwa na watu watatu huko Pemba, na kila mmoja Mungu alimjaalia chake. Mize alijaaliwa jicho: ukihamisha kinu chako uani, yeye ndiye wa kwanza kuuliza kwa nini. Faki kinyozi alijaaliwa mdomo usiojua haya, na mdomo huo umeshamgombanisha na nusu ya kijiji. Bikombo, shangazi yake Mize, alijaaliwa makalio mazito. Msinicheke. Bikombo akikaa, amekaa.

Mize alikuwa na mdogo wake, Shaame, fundi wa makasha. Mwaka ule Shaame alibadilika. Hakufiwa, hakufilisika, lakini chakula alikigusa tu, usingizi ulimkimbia, na randa yake ikaanza kushika kutu. Wako waliosema mvivu, wako waliosema ana shetani. Mize alijiambia yatapita.

Ramadhani ikaisha, Idi ikapita. Ndipo Shaame akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Kama nimekukosea, niwie radhi. Watu wakafurahi, wakasema kijana kaongoka, mfungo umemwingia. Wengine walimpa haluwa.

Mize ndiye aliyeshtuka. Radhi hutakwa kabla ya mfungo, na Shaame alishazitaka kama watu wote. Leo anataka za nini tena? Kisha akamwona fundi wa mtaa wa pili anachonga kwa patasi za Shaame, zile za urithi wa baba yao. Kanipa, yule fundi akasema, huku anatabasamu. Mize akaelewa maana yake. Fundi hatoi patasi zake ila akiwa hana kazi nazo tena. Lakini kumuuliza ndugu yake hakuweza. Neno lenyewe alilihofu, akaona akilitamka atakuwa amelikaribisha ndani.

Akamwendea Faki, akamsimulia aliyoyaona. Faki akaacha kichwa cha watu nusu kimenyolewa, akaenda. Alimkuta Shaame kwenye banda lake la kazi, amekaa tu. Faki hakuzungusha maneno.

"Shaame, unataka kujiua?"

"Ndiyo," akasema. "Zimebaki nyumba mbili za kutaka radhi."

Moja ya hizo mbili ilikuwa ya Mize.

Faki akamshukuru kwa kumwambia kweli, akaketi ubavuni pake, asimkemee wala asimhubirie, na hakumwacha peke yake hata kidogo mpaka Bikombo, aliyeitwa na Mize, alipofika.

Bikombo akampeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari akasema huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, unaitwa sonona, una tiba, ila hauondoki upesi. Na kweli dawa zilichelewa. Faki alirudi kwenye vichwa vyake, Mize jikoni kwake, wakawa wanapita kumjulia hali. Shangazi alihamia mlangoni kwa Shaame na ukili wake. Alisuka, hakumsumbua kwa maneno. Kuna siku Shaame alimfukuza kwa matusi. Yeye akasogeza mkeka kivulini, akaendelea kusuka. Siku za kliniki walikwenda pamoja. Miezi ilipita hivyo, hata asubuhi moja Shaame akatoka mwenyewe kwenda kudai patasi zake.

Mwaka wa pili, Shaabani inakatika, Shaame alikuja kwa Mize amebeba kasha jipya la mvule. Faki na Bikombo walikuwapo. Akalitua chini.

"Hili ni la aliyeniokoa," akasema. "Ni moja tu, mwamue wenyewe. Na mwezi unaandama, niwieni radhi."

Faki akarukia kwamba kasha ni lake, maana wenzake walikuwa wanaliogopa neno kama nyoka. Bikombo akamjibu kwamba Faki neno kalisema mara moja tu, yeye Bikombo kakaa hata mkeka umetoboka. Na mimi nasema wote wawili, bila jicho la Mize, wangekutana mazikoni.

Mize hakuwa akiwasikiliza. Zawadi na radhi, kwa wakati mmoja. Msimu wake ndio huu, kila mtu anataka radhi, lakini zawadi ilimkumbusha zile patasi. Safari hii hakumwachia Faki aulize.

"Shaame, patasi zako ziko wapi?"

"Ziko kwangu, dada." Akainama kidogo. "Leo ziko kwangu. Usiache kuniuliza."

Kasha liko sebuleni kwa Mize mpaka sasa, tupu, halijapata mwenyewe. Aliyeona, aliyeuliza, na aliyekaa: nani alichukue? Je, wewe ungeamua vipi? Lakini kama yuko mtu aliyekutaka radhi nje ya msimu wake, nawe ukamjibu kwa haluwa, inuka uende kwake kwanza. Kasha litakungoja.