Uso wa Yuda kwenye Mlango wa Tabernakulo

Inasimuliwa, enyi wapendwa, kwamba katika mji mmoja wa milimani, huko Uhispania ya zamani, aliishi sonara mcha Mungu aitwaye Eusebio. Kazi yake ilikuwa kufua vyombo vya fedha vya altare: kalisi, vyetezo na vinara. Hakuwasha tanuri kabla ya kusali rozari, na watu walimstahi mno, hata wakaamini kwamba mikono yake huongozwa na malaika.

Padre wa parokia akamwomba atengeneze mlango wa fedha wa tabernakulo, yaani kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi altareni, wenye nakshi ya Karamu ya Mwisho. Siku hizo Eusebio alikuwa amenuniana na jirani yake Krispini, mwoka mikate, kwa sababu ya ukuta alioujenga Krispini, ukamzibia mwanga wa karakana. Alipofika kwenye uso wa Yuda, akamchora Krispini: pua iliyopinda, kope iliyolegea. Aliona alichofanya. Angeweza kufuta. Hakufuta.

Mlango ulipokwisha kubarikiwa, waumini walisogea kuutazama, wakaanza kunong'onezana, wengine wakacheka. Krispini naye akasogea, akajiona ameshika mfuko wa msaliti. Akaondoka.

Eusebio alimngojea aje na matusi. Krispini alikuja, mikono ikiwa bado na unga.

“Mzee Eusebio,” akasema, “wewe ni mtu wa Mungu, bila shaka umeonyeshwa jambo. Nimejichunguza sana, sijaliona. Niambie, nimemsaliti Bwana kwa lipi, nipate kutubu?”

“Nenda ukasali,” Eusebio akajibu, akainamia kazi yake.

Jumapili, wakati wa komunyo, watoto wa Krispini walikwenda altareni, mama yao akiwafuata, lakini baba yao alibaki amepiga magoti karibu na mlango wa kanisa, akijipiga kifua. Eusebio alikuwa tayari kwenye safu. Alipomwona, akatoka kwenye safu. Akawageukia waumini, akasema kwa sauti ya kukatikakatika:

“Mungu hakunionyesha kitu. Nilimchukia jirani yangu kwa ajili ya ukuta, nikamlipizia kisasi kwa fedha ya altare. Kisha akaja kuniuliza kwa moyo mnyofu, nami nikamficha ukweli.”

Krispini akainuka taratibu. Hakumlaumu. Aliuliza tu, “Kwa hiyo naruhusiwa kupokea?”

Hapo ndipo Eusebio alipolia. Lau angepigwa kofi, angestahimili. Baada ya Misa aliung'oa mlango ule kwa mikono yake, akauyeyusha, akaanza upya. Na yasemwa kwamba hata uzeeni, kila alipokutana na Krispini njiani, alikuwa akiinamisha macho, ijapokuwa yule alimsamehe siku ile ile.

Ndugu zangu, mtu akisifiwa kwa ibada, wanyofu humwamini hata pale anapowadhulumu. Hiyo ni amana nzito. Mwenyezi Mungu atujalie haya itakayotuzuia mkono mapema, na ikiwa tumechelewa, atupe ujasiri wa kusema mbele ya wale wale tuliowapotosha. Amina.