Fimbo ya Mshika Kimya

Paukwa!

Pakawa!

Lo, sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Ehe, hapo sawa. Na wewe uliye karibu na moto, acha kuchokoachokoa makaa, cheche zitaniingia machoni. Leo nawapa kisa cha mtu aliyeliwa na wivu mpaka akabaki mifupa.

Hapo zamani za kale, katika mji wa Ungamo, palikuwa na Mfalme Kombo, mfalme mkubwa asiyependa kelele hata kidogo. Kikohozi kilimkera, mitawanda ya mbao ikilia miguuni ilimkera, tumbo la mtu likinguruma alikunja uso. Basi barazani kwake akaweka mtu wa kushika kimya, na mtu huyo alikuwa Shebwana. Kazi hiyo ilikuwa ya babu yake, ikawa ya baba yake, ikawa yake. Alisimama kando ya kiti cha enzi, fimbo ya mpingo mkononi. Akigonga sakafu, ko! ko! ko!, watu kimya, mbuzi kimya, hata nzi wanatua.

Sheria ilikuwa hivi. Fimbo ikishagonga, hakuna kufumbua mdomo mpaka Mshika Kimya akuelekezee ncha yake. Ukielekezewa, sema. Hukuelekezewa, kaa na lako moyoni. Na mwenye cheo akivunja kimya, cheo kinamtoka siku hiyo hiyo.

Sasa siku moja akaingia Korongo. Miguu mirefu, shingo ndefu, vumbi la safari mgongoni. Akasogea mbele, akafumbua mdomo, na Mfalme naye ndiyo kwanza anataka kusema. Shebwana akagonga, ko! ko! ko! Korongo akafumba mdomo. Mfalme akasema yake, akainuka, akaenda kula. Shebwana naye akaenda zake nyumbani, maana alijua mkewe amepika wali wa nazi.

Kesho yake Korongo yupo. Kesho kutwa yupo. Mguu mmoja chini, mmoja ameukunja, hasemi, hakohoi, hajikuni. Siku ya kumi Mfalme akamwona.

"Huyu ndege ni nani?" akauliza. "Ama kweli, hiki ndicho kimya! Mleteni hapa karibu yangu."

Karibu yake ni wapi? Ubavuni kwa Shebwana pale pale! Shebwana akahisi kitu kimemchoma chini ya mbavu. Miaka ishirini ameshika fimbo, na Mfalme hajapata kumwambia hata ahsante. Leo ndege tu, tena wa kuja! Akamtupia jicho Korongo, akamkuta ameikazia macho fimbo. Anaitazama ncha yake, habandui jicho.

"Anaitamani," Shebwana akajisemea. "Anaitamani fimbo yangu!"

Kumbe na Mfalme naye ana lake. Akatangaza, "Siku ya Mwaka fimbo hii nitampa yule anayejua kunyamaza kuliko wote."

Nyumbani wali haukushuka. Mkewe, Bi Mwanakheri, akamwuliza, "Bwana, una nini?"

"Korongo."

"Kakufanya nini?"

"Amenyamaza!"

Bi Mwanakheri akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Kwani umemwuliza anataka nini?"

"Nimwulize? Macho yake nayaona! Nimwelekezee fimbo, aseme maneno matamu, Mfalme ampende zaidi?"

"Haya," akasema mkewe. "Kijicho hicho kitakutoa roho."

Shebwana hakusikia. Asubuhi akatwanga pilipili manga, akaificha kiganjani, akampulizia Korongo usoni. Apige chafya, kimya kivunjike! Korongo akabana mdomo. Machozi yakamtiririka, tiriri, na jicho lake bado liko kwenye ncha ya fimbo.

"Tazameni," Mfalme akanong'ona, "analia kwa heshima. Ama kweli, hiki ndicho kimya!"

Shebwana akauma meno.

Siku ya pili akaleta perege mbichi, bado anarukaruka kwenye sahani, akamweka chini ya mdomo wa Korongo. Amdake, mdomo ulie kap! Korongo akameza mate. Akamtazama perege, akaitazama fimbo, akatulia.

"Hata tumbo lake lina adabu," Mfalme akasema. "Ama kweli, hiki ndicho kimya!"

Wivu ukampanda Shebwana mpaka utosini. Halali, na akisinzia anamwota Korongo kavaa joho lake.

Miezi ikapita, Siku ya Mwaka ikafika. Baraza limejaa, watu kwa wanyama. Shebwana akaja na pakacha chini ya joho, na ndani ya pakacha siafu. Akagonga, ko! ko! ko! Kimya kikatanda. Akalifungua pakacha taratibu miguuni pa Korongo.

Siafu wakapanda, wakauma. Wapi! Miguu ya Korongo mikavu kama vijiti vya kuni. Wakashuka, wakatazama huku na huku, wakaona vifundo vya miguu vya Shebwana, vinene, vimeshiba wali wa nazi. Wakaingia ndani ya kanzu.

Mmoja akauma. Shebwana akavumilia. Wa pili akauma. Akatoa jicho. Wa tatu akauma mahali ambapo mimi mtu mzima sipataji mbele yenu.

"Mamaaa! Nakufa!"

Joho kule, kilemba kule, fimbo chini kwaa! Mfalme akasimama. "Nani kaleta siafu hapa?"

Siafu hawajui kuficha. "Bwana Shebwana ametuleta mwenyewe kwenye pakacha. Alisema tumuume ndege, lakini ndege hana nyama."

"Shebwana," Mfalme akasema, "sheria unaijua kuliko mimi." Akaiokota fimbo, akampa Korongo.

Korongo akaipokea kwa mguu. Watu wakangoja agonge. Hakugonga. Aliigeuza polepole, ncha akaielekeza kifuani mwake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akasema.

"Mfalme wangu, mimi nina shauri. Watu wamelima hadi ndani ya bwawa langu, wanangu hawana pa kuvua. Nilikuja kukuomba. Fimbo ikagongwa kabla sijasema, na tangu siku ile sijaelekezewa ncha. Miezi mitatu nangoja zamu yangu."

Kisha akamgeukia Shebwana. "Bwana, kila siku nikiitazama fimbo yako, nasema leo atanikumbuka. Ungenielekezea siku ile, jioni ningekuwa kwangu. Fimbo ningeifanyia nini mimi?"

Shebwana akainama kuokota kilemba chake.

Korongo akarudishiwa bwawa lake, akaiacha fimbo pale pale sakafuni, akaruka. Tangu siku hiyo Mfalme huishika mwenyewe. Shebwana alikwenda barazani kuomba arudishiwe kazi ya babu yake, akakaa mkeka wa nyuma pamoja na wenye mashauri. Alipofumbua mdomo tu, ko! ko! ko! Na Mfalme naye husahau, hasa saa ya chakula ikikaribia. Basi Shebwana yuko pale mpaka leo. Hasemi, hakohoi, hajikuni. Anaitazama ncha ya fimbo.

Hadithi yangu naikomesha hapo. Haya, mimi siyo Shebwana: nawaelekezea ncha ya kijiti hiki, semeni mnavyotaka.