Mkono Uliokataa Kushuka

Wapendwa, acheni kwanza kujipepea, mnipe masikio. Leo nawapeleka kwenye stesheni moja ndogo ya reli. Jina lake liacheni. Na asiniulize mtu treni nimezijulia wapi, maana nilizaliwa hatua kumi kutoka relini, na ya mizigo ikipita pale kwetu kuku walikuwa wanataga kabla ya siku zao.

Basi hapo stesheni palikuwa na fundi viatu. Hodari! Kiatu akikishona yeye, wewe unakufa, kiatu kinabaki. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: treni. Alihamisha kigoda chake kutoka sokoni penye wateja, akaenda kukaa juu ya tuta kando ya reli, apate kutazama. Ya abiria, ya mizigo, hata kiberenge cha mafundi wa njia, vyote alivitazama kama mtu anayetazama harusi ya mwanawe.

Na kuliko treni zenyewe, alipenda mlingoti wa ishara. Ule wa zamani, wa chuma, wenye mkono wa bati mwekundu kule juu. Vijana hamuujui. Mkono ukinyooka, treni isimame. Mkono ukiinama, treni ipite. Mkuu wa stesheni anavuta wenzo kule kwake, waya unakimbia kando ya reli, na huku mbali mkono unainama taratibu kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Fundi akiuona unainama, anaacha sindano imekwama kwenye soli. "Karibu, pita," anasema, na hapo hakuna mtu.

Mama mkwe wake hakupendezwa hata kidogo. Na kwa mila za kule, mkwe na mama mkwe hawasogeleani, hawatazamani usoni, hawasemeshani. Neno lipitie kwa mtu wa katikati. Basi yule mama alikuwa anapaza sauti uani, akimwambia binti yake, ili mkwe asikie vizuri:

"Mwanangu, wenzako wameolewa na wanaume. Wewe umeolewa na macho!"

Fundi anasikia, na kesho yake yuko tutani.

Sasa siku moja ya masika, asubuhi, mama yule anapalilia karanga, nyoka, kifutu, akamgonga kwenye kifundo cha mguu. Ilipofika saa nne mguu ulikuwa umevimba kama gogo. Tabibu wa zahanati akatikisa kichwa. "Dawa ya sumu hii iko hospitali ya wilaya. Awahishwe leo hii."

Barabara? Daraja lilisombwa juzi. Ilibaki treni ya abiria, inayopita pale saa tano kuelekea wilayani. Majirani wakambeba kwa kitanda cha kamba mpaka stesheni. Fundi akafuata nyuma, hatua ishirini, maana kwa mila hata mguu wa kitanda asingeweza kuushika. Mnaona mateso hayo? Una mabega, na huruhusiwi kuyatumia.

Saa tano, honi ikalia kule konani. Watu wakashangilia. Halafu kimya. Wakachungulia: treni imesimama mlingotini. Mkono umenyooka. Robo saa ikapita. Nusu saa ikapita. Honi inalia, mkono haushuki.

Mama, amefunikwa kanga uso mzima, akamwambia binti yake kwa taabu: "Mwambie mumeo, rafiki yake wa bati leo amenikataa."

Ndugu zangu, hapo ungefanya nini? Mwenzetu alivamia ofisi ya mkuu wa stesheni bila hodi.

"Mzee, shusha mkono! Mama mkwe anakufa hapa, na mkono umemkataa!"

"Kwanza hebu unitazame mimi." Mkuu wa stesheni alikuwa amening'inia kwenye wenzo kwa mikono miwili, shati limelowa chapachapa. "Navuta tangu saa tano. Waya umekatika, nadhani ni haya mafuriko."

"Umekatika? Ungekatika, si mkono ungeanguka?"

"Wewe! Miaka yote unautazama, hata hilo hujui? Nyuma yake una uzito. Waya ukikatika, mkono unanyooka wenyewe. Waliouunda walijua ipo siku utakatika, na walitaka siku hiyo useme 'ngoja'. Ukisema 'pita' ovyo, watu wataangamia. Haujamkataa mkweo. Unawalinda waliomo ndani ya treni."

Fundi akakaa chini. "Kwa hiyo tungoje tu?"

"Nani amekwambia?" Mkuu akachukua kalamu, akaandika karatasi, akaigonga muhuri, akachomoa bendera ya kijani. "Njia niliikagua asubuhi, ni salama. Msaidizi wangu ana homa, na mimi siwezi kuiacha simu hii. Dereva hapiti mkono ulionyooka mpaka apewe karatasi hii mkononi, na mtu atembee mbele yake na bendera. Shika."

"Mimi? Mzee, mimi ni mtazamaji tu!"

"Ndiyo maana nakupa wewe. Mwingine ningemfundisha mpaka jioni. Kimbia!"

Akakimbia. Ndala moja aliiacha kwenye kokoto, ya pili sijui iliishia wapi. Alifika pale chini ya injini hana pumzi. Dereva akachungulia kutoka juu: "Na wewe ni nani?"

Fundi hakuwa na nafasi ya kueleza ukoo wake. Akanyoosha karatasi. "Leo mkono ni mimi!"

Dereva akasoma, akatazama muhuri, akamtazama yule mtu pekupeku, akapiga honi. Fundi akageuka, akainua bendera, akaanza kutembea, na lile dude lote la chuma likamfuata unyounyo. Na sikilizeni hapa. Treni iko nyuma yake, joto lake anachomwa nalo mgongoni, na yeye haigeukii hata mara moja, maana macho yanatakiwa mbele, kwenye reli. Ndiyo treni pekee maishani mwake ambayo hakuitazama.

Mama akapakiwa. Saa nane alikuwa wodini, amechomwa sindano, na wiki ya tatu alirudi kwa miguu yake miwili.

Sasa sisi. Nani humu hajawahi kusimama mbele ya mkono ulionyooka? Umeomba kazi, mkono umenyooka. Umeomba mtoto, umenyooka. Ukarudi nyumbani ukisema, Mungu amenikataa. Nani alikwambia amekukataa? Wewe unajua kilichokatika huko mbele? Wewe unajua anamlinda nani?

Lakini nisiwaachie hapo mkasinzia. Tunaomba: Bwana, watembelee wagonjwa. Bwana, wapatanishe waliogombana. Bwana, uwakumbuke wajane. Halafu tunakaa tutani, macho juu, tunangoja mkono ushuke. Na yeye karatasi ameshaandika. Muhuri ameshagonga. Anayenyooshewa bendera ni wewe, na wewe unajibu, "Mimi? Mimi ni muumini tu, tena wa benchi la nyuma."

Nami nisijifiche nyuma ya mimbari. Pale zahanati, nyuma ya kanisa letu hili, kuna mama amelala siku ya tatu na hajaletewa hata kikombe cha uji. Nimemwombea leo alfajiri. Nimemwombea vizuri, jamani, mpaka machozi yakanitoka, nikajisifu mwenyewe kwa ombi lile. Kisha nikampita dirishani kwake, nikaja kuhubiri.

Kwa hiyo wimbo wa mwisho leo hatuimbi. Nani anakaa karibu, mwenye unga na sufuria? Kuni nitabeba mimi. Inukeni, twendeni.