Wimbo wa Maandazi

Juzi juzi tu mjini Tanga, Bwana Shekuwe mwenye studio alimuuzia Zuwena, mwimbaji wa mipasho, kipande cha ngoma kilichorekodiwa tayari, pamoja na ruhusa ya kukitumia kibiashara. Wimbo ulipovuma hadi kwenye bajaji, akamjia nyumbani na karatasi.

"Ngoma ni yangu, basi wimbo wote ni wangu. Tia sahihi, la sivyo hakuna redio itakayoupiga."

"Kaka, na maneno pia?"

"Hadi pumzi uliyovuta!"

"Basi andika kabisa kuwa mtunzi ni wewe, watu wasije kunisumbua."

Akaandika haraka haraka, wakatia sahihi. Zuwena akafungua mlango wa uani. "Mama, njoo. Mtunzi ndiye huyu."

Aliyeingia, kajifunga kibwebwe, alikuwa mama mkwe wa Shekuwe. "Kumbe ni wewe, mkwe wangu, uliyeniimba kwamba nawahesabia wageni maandazi?"

Shekuwe akaichana karatasi vipande vipande. "Haki ya Mungu, mama, wimbo ni wa Zuwena! Ngoma, maneno, vyote!" Akatoka mbio, viatu mkononi.

Mama akafungua kibwebwe, akaketi. "Nimesikia, na shahidi ni mimi. Haya mwanangu, niimbie tena ule ubeti wa maandazi niliokutungia."