Kikohozi cha Mzee Nderingo

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, Mungu awarehemu, kwamba hapo zamani, kanisa letu la mlimani lilipokuwa bado limeezekwa kwa nyasi, aliishi mzee wa kanisa aitwaye Nderingo. Siku zile! Watu walikuja ibadani peku, umande ungali miguuni, wakaimba bila kinanda hata mgonjwa aliyelala nyumbani akaitikia. Mimi nimezipata kwa kusimuliwa tu, na bado nazitamani.

Mzee Nderingo ndiye aliyeongoza sala. Lakini kila alipofika penye "utusamehe makosa yetu" alishikwa na kikohozi, na waumini wakamalizia wenyewe. Walimhurumia. Jirani yake, mjane Ndeanasia, akawa anampelekea asali kila Jumapili.

Kumbe kifua hakikuwa na neno. Kabla kikohozi hicho hakijaanza, mjane huyo alipokwenda matangani kwa ndugu zake, Nderingo aling'oa masale, ile mimea ya mpakani, akayasogeza hatua tatu ndani ya shamba la mwenzake. Alipata migomba sita, amani ikamtoka. Alifunga, akasali, akatoa mikungu ya ndizi kanisani. Wapi! Moyo haukutulia.

Mwaka wa pili akachoka. Akachuma jani la sale, akalifunga fundo kama wafanyavyo Wachaga waombapo msamaha, akapiga magoti mlangoni kwa mjane.

"Mama, nimekuibia. Mpaka ule..."

"Najua, baba," akasema Ndeanasia. "Nilijua siku ile ile niliyorudi. Migomba niliyoipanda kwa mikono yangu, nitaisahau?"

"Sasa ile asali?"

"Ningekushtaki kwa mangi, mtawala wetu, ungerudisha shamba, na moyo wako ungebaki vile vile. Nikamwomba Bwana akulete mwenyewe. Asali ilikuwa ya kukuambia usiuogope mlango wangu."

Mzee akalia kama mtoto. Mchana huo huo akayarudisha masale mahali pake, majirani wakimtazama, wala hakujificha.

Jumapili, alipofika penye maneno yale, kanisa zima likasubiri kikohozi. Akayasema yote, taratibu, mpaka mwisho. Safari hii aliyeshindwa kuitikia alikuwa Ndeanasia, kwa machozi ya furaha.

Ndugu zangu, leo tuna vipaza sauti na bati jipya, na wengi wetu bado tunakohoa. Amani ya Kristo tunaitafuta mbali, kumbe huenda iko nyumba ya pili, imetuwekea asali.