Binti Sultani na Nyumba ya Vitu Pekee

Hadithi hii nimeipokea kwa wazee ambao hawakusema uongo ila pale ukweli ulipowachosha, nami naitoa kama nilivyopewa. Alikuwako sultani akiitwa Ghadhanfari bin Dawami, na mji wake ni Zaharani, mji wa kuta nyeupe na milango ya nakshi, na alikuwa na majeshi na hazina na enzi tele, na juu ya hayo yote alikuwa na ugonjwa mmoja ambao matabibu wake hawakuthubutu kuutaja: alitaka kila alicho nacho asiwe nacho mtu mwingine. Akiletewa bilauri haulizi kama inavuja, huuliza, "Iko ya pili?" Na ikiwapo ya pili, hutafutwa ikavunjwa. Akiletewa kasuku asomaye mashairi, huuliza kama ana ndugu, na Mungu amrehemu ndugu huyo.

Vitu hivyo alivikusanya katika jumba moja ndani ya husuni, yaani ngome yake, likaitwa Nyumba ya Vitu Pekee, na mlangoni alimfunga jini kwa nguvu ya pete, jini mrefu mwenye sauti ya mtungi mtupu, jina lake Handhali. Akamwapisha, akasema, "Ewe Handhali, kila kilicho pekee duniani kikiingia humu kisitoke, si mkononi mwa mtu wala kichwani mwake, hata nikija mimi mwenyewe nikakusihi kwa machozi, kwani nimesikia wako wachawi wavaao sura za wafalme. Na kiapo hiki kitasimama mpaka kimoja katika vitu hivi kiache kuwa pekee." Akacheka, kwa kuwa aliona hilo haliwezi kuwa.

"Nimeapa," akasema Handhali, akaketi kizingitini, na tangu siku ile hakuinuka.

Sasa, miongoni mwa vitu hivyo kilikuwamo Kitabu cha Macho, kilichotungwa na hakimu mmoja wa zamani, tabibu mwenye hekima, na ndani yake mna dawa ya kila maradhi ya jicho. Nakala zake zilikuwa nyingi zamani, ila Sultani alizikusanya zote, nyingine kwa dhahabu na nyingine kwa bakora, akachagua iliyo bora, na zilizobaki akazitia moto uani. Watu wakatazama moshi ukipaa, wakaambiana kwamba hayo ni mambo ya wakubwa.

Na mambo ya wakubwa, kama mjuavyo, hayakawii kushuka kwa wadogo. Ukaingia mjini ugonjwa wa utando mweupe unaofunika jicho, ukaanza kwa watoto wa wachuuzi na wa wafumaji, na kilio kikawa kule mitaani, na husuni haikusikia. Kisha ukapanda ngazi, ukamshika Mwana Shahla, binti wa Sultani, naye ndiye mtoto wake wa pekee, na macho yake yalikuwa yakisifiwa hata na waliomchukia baba yake. Tabibu mkuu akasema, "Bwana wangu Sultani, dawa yake ni jani linaloota mitaroni. Lakini jani hilo lina dada yake, wameota pamoja na wamefanana, na huyo dada hupasua jicho. Tofauti yao imechorwa katika Kitabu cha Macho, na utando huu ukikomaa hautoki tena."

Sultani akakimbia bila viatu hadi kwenye Nyumba ya Vitu Pekee, akakishika kitabu, akafika kizingitini akilia. "Handhali, ni mimi! Niachie nipite, mwanangu anapofuka!"

"Uliniambia utakuja ukilia," akasema jini, na kitabu kikarudi chenyewe rafuni. Sultani akaingia tena, akalitazama lile jani mpaka macho yakamwuma, akatoka akijisemea njiani. Na alipovuka kizingiti, kichwa chake kikawa kama sahani iliyolambwa.

Mwana Shahla aliposikia, hakulia, maana alikuwa na hasira, na hasira ilimfaa kuliko machozi. Akaomba aongozwe hadi kwenye jumba pamoja na Shekhe Fadhlani, mwandishi wa diwani, baraza la Sultani, mtu ambaye hati yake ilikuwa ikibusiwa. Shekhe akanakili ukurasa wa jani, neno kwa neno na mshipa kwa mshipa, na Shahla ameketi kando akisikiliza kalamu. Walipokwisha akasema, "Ewe Handhali, sasa ni viwili. Kitabu si pekee tena. Tupishe."

Jini akazitazama karatasi mbili kwa muda mrefu, akashusha pumzi. "Binti Adamu, laiti ingekuwa hivyo. Hapa kalamu ya hakimu imenyooka, na ya Shekhe imelala. Hapa jani limekunja bega, na la Shekhe limekunjua. Mkono wa mwanadamu haurudii kazi yake, kila unachokiandika huzaliwa peke yake. Hivi si viwili, ni pekee na pekee, na vyote vyangu."

Shekhe Fadhlani akavuka kizingiti na karatasi mkononi, na karatasi ikawa nyeupe. Yule mzee akaketi chini akalia kwa ajili ya watoto wa mitaani, maana wajukuu wake walikuwa miongoni mwao.

Ikaja siku ya kuamkia Idi, na yaya wa Shahla, Bi Shufaa, mwanamke wa maneno mengi na mapenzi mengi zaidi, akampaka hina viganjani, akisema kuwa kama macho yamefungwa, mikono haijafungwa. "Na utulie, mwanangu, haijakauka hiyo." Lakini nani atatulia na moyo una moto? Shahla akageuka, akaegemea shuka nyeupe, akainuka, akaegemea tena, na tena.

"Haya, umeniharibia shuka!" Bi Shufaa akamaka. "Tazama, maua matatu! Na ni lile lile, mwanangu, lile lile, siwezi kukuambia lipi umelipiga kwanza!"

Shahla akaketi wima. Kisha akasema polepole, "Rudia, yaya."

"Nirudie nini? Shuka imekwisha."

"Rudia kwamba huwezi kuniambia lipi la kwanza." Akamkumbatia yule mwanamke na hina yake mbichi, na nguo ya Bi Shufaa ikapata maua nayo.

Siku hiyo hiyo akaitwa Fundi Idarusi, mchonga milango wa husuni, kijana mwenye mikono mizito na ulimi mwepesi. Shahla akamwambia, "Nataka unichongee ukurasa mzima katika ubao, maandishi na jani, ili upakwe wino ukandamizwe karatasini, na karatasi ya mwisho isijue kama si ya kwanza."

"Mwana, mimi huchonga milango ili watu wapite," akasema Idarusi. "Huu nao naona ni mlango."

Akaingia na patasi zake katika Nyumba ya Vitu Pekee, maana ukurasa haukuweza kutoka, na huko akafanya kazi, na Shahla ameketi naye na Bi Shufaa katikati yao kwa ajili ya heshima. Na hapo ikawa ajabu: kila jioni fundi akivuka kizingiti husahau alichokichonga, na kila asubuhi akirudi huutazama ubao akauliza, "Nani huyu anayechonga vizuri hivi? Nimwonee wivu."

"Ni wewe," Shahla humjibu, na wote wawili hucheka. Akasahau majani na herufi, ila sauti ile hakuisahau hata jioni moja, kwa kuwa haikuwa katika hesabu ya vitu vya jumba lile.

Kazi haikuwa rahisi, nami nikisema ilikuwa rahisi nitakuwa nawadanganya. Ubao wa kwanza ulipopigwa ulitoa maandishi yaliyotazama nyuma, na jini akasema hata majini hawasomi hivyo. Bi Shufaa akawacheka: "Kila mpakaji hina anajua kwamba mkono wa kulia huacha alama ya mkono wa kushoto! Chongeni kinyume." Wakachonga kinyume. Wino wa kalamu ukawa unatiririka, karatasi moja ikafifia na nyingine ikalowa, na jini akazitenganisha kwa mtazamo mmoja. Wakapika masizi kwa mafuta na gundi mpaka wino ukawa mzito kama asali.

Lililobaki ni jani. Hakimu alilichora kwa wino mzito na mwepesi, hata kivuli chini ya mkunjo kikaonekana, na katika kivuli hicho ndimo ilimo tofauti ya dawa na sumu. Ubao haujui wino mwepesi, kwake ni weusi au weupe. Idarusi akakaa, akafikiri namna jua linavyolala juu ya mlango wa nakshi, akaanza kuchonga mistari myembamba kama nywele, akaisonganisha palipo na giza, akaiachanisha palipo na nuru. Shahla akapitisha kidole juu yake.

"Hapa pana kivuli," akasema. "Na hapa kinakwisha, jani linainuka. Idarusi, ninaliona."

Fundi akapuliza unga wa mbao. Akainama akaendelea kuchonga.

Wakapiga chapa rundo zima la karatasi, wakalitandika mbele ya Handhali, na Sultani akaja na mawaziri wake. Jini akaangalia karatasi moja, akaangalia ya pili, akazichanganya, akazipeleka nyuma ya mgongo wake akazirudisha, akazipima kwa jicho la moto na kwa jicho la moshi. Asubuhi ikapita hivyo. Hakuweza kusema uongo, maana alikuwa ameapa, na kila aliyemtazama aliona kwamba anaomba asipate tofauti.

"Fundi," akauliza mwishowe, "ipi ya kwanza?"

"Wallahi sijui," akasema Idarusi.

"Wala mimi," akasema jini, na sauti yake ikawa si ya mtungi mtupu tena. "Hakuna pekee hapa. Piteni."

Idarusi akatwaa karatasi moja, akavuka kizingiti akiwa amefumba macho, akayafumbua. Na karatasi ilikuwa na jani, na kichwa chake kilikuwa na jani. "Nakumbuka!" akapiga kelele. "Mwana, nakumbuka! Ni mimi niliyechonga!"

Hapo ndipo ugonjwa wa Sultani ulipoinuka mara ya mwisho. Alilitazama lile rundo kama mtu anayeona nyumba yake ikibomolewa, akasema, "Imetosha. Moja itoke, mwanangu atibiwe, nyingine zichomwe."

"Ikibaki moja itakuwa pekee, baba," akasema Shahla, "na Handhali hataiachia."

"Basi mbili! Moja ya tabibu, na moja yangu."

Shahla akasogea, akapapasa mpaka akaupata mkono wa baba yake. "Baba, uliponunua vitabu ukavichoma, niliona moshi ule nikiwa dirishani na macho yangu mazima, nikasema ni mambo ya wakubwa. Sasa sisemi tena. Naapa kwa aliyeniumba, sitapakwa dawa mpaka karatasi ya mwisho imetoka husunini na mtoto wa mwisho wa mji huu amepakwa. Utando ukikomaa, ukomae."

"Mwanangu, utapofuka! Mimi sina mwingine!"

"Hata mama zao hawana mwingine, baba. Kila mtoto ni pekee kwao, nao hawana jini wa kuwalindia."

Ndevu za Sultani Ghadhanfari zikalowa machozi. Aliijua roho ya binti yake, kwa kuwa ilikuwa roho yake mwenyewe iliyoelekezwa pema. Kisha akakunja mikono ya joho, akachukua mrundo wa karatasi kifuani, akavuka nao kizingiti, akatoka mpaka barabarani, na watu wakaona jambo ambalo hawajapata kuliona: sultani wao anagawa kitu.

Karatasi zikaenda sokoni na misikitini na visimani, na wasiojua kusoma wakalisoma jani kwa macho, wakalilinganisha na lile la mtaroni, wakamwacha dada mbaya wakamchuma mwema. Nyingine zikahitajika, na ubao ukapigwa tena na tena, na Sultani mwenyewe akawa anaupaka wino kwa haraka, maana kila mtoto aliyepakwa dawa alimsogeza binti yake karibu na zamu yake. Shekhe Fadhlani alileta habari kwamba mtoto wa mwisho amefumbua macho, na Shahla akapakwa, na utando wake ulikuwa mgumu, hata tabibu akageuza uso. Akasubiri. Ukalegea, ukatoka kama machozi meupe, na kitu cha kwanza alichokiona ni baba yake, mweusi masizi mpaka masikioni.

"Nani huyu mpika mkaa?" akauliza, na Sultani akacheka akilia.

Wakati huo Handhali akaita kutoka jumbani kwa mshangao. Walipofika walimkuta ameushika ule ubao wa jani. Kwa wingi wa kupigwa ulikuwa umelika, herufi zimekwisha, mistari imekwisha, uso wake laini kama wa meza. "Ulikuwa pekee," akasema jini. "Duniani hapakuwa na wa pili. Umetoa mpaka umekuwa ubao tu, na mbao ziko nyingi. Kiapo kimekwisha." Akainuka kizingitini, akagonga kichwa darini kwa kuwa alikuwa amesahau urefu wake. Wakamwuliza anataka zawadi gani. "Karatasi moja ya jani," akasema. "Nimelinda vya watu umri wangu wote, nataka nami niwe na changu." Akapewa, akaikunja vizuri, akaenda zake akiimba.

Shahla akaolewa na Idarusi, kwa mahari ya patasi moja ya fedha, na Nyumba ya Vitu Pekee ikawa karakana ya chapa, na vitabu vyake vikatoka vikaenda mbali, na mji wa Zaharani ukatajirika kwa ujuzi na kwa mali, hata wafumaji wakawa na rafu za vitabu. Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo. Nami naongeza kwamba anayekula peke yake hajui hata kama chakula kina chumvi.

Siku ya harusi mgeni mmoja asiyejua mambo alimletea Sultani bilauri nzuri ya buluu. Sultani akaigeuza kwenye nuru, na kwa mazoea akauliza, "Iko ya pili?" Mgeni akafa ganzi kwa hofu, akakiri kwamba iko.

"Basi ilete," akasema Sultani, "unywe nami."