Gobori Lililochelewa Pumzi Moja

Weka mkono kifuani uniapie kwanza. Sema, "Wallahi haya hayatoki." Kwa sauti, nisikie! Haya. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia ndani au nenda zako, habari haisikilizwi mguu mmoja nje. Watu wa ukoo wa mtu mmoja aliyemo katika kisa hiki wapo hapa hapa mtaani, watu wa heshima zao, tunazikana nao. Sitaki kesho niambiwe fulani kaanika nguo za marehemu barazani. Mmeapa? Basi sogeeni.

Inasimuliwa kwamba zamani hizo, Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokuwapo, katika mji mmoja wa mashamba nyuma ya pwani palikuwa na mhunzi akiitwa Fundi Mwinyikondo. Mja wa Mungu hasa. Mtu wa swala, mtu wa kufunga Jumatatu na Alhamisi, sauti yake huisikii mpaka akusalimie. Kazi yake kufua magobori, yale ya kushindilia baruti kwa mdomoni, yenye gumegume. Ukivuta, jiwe linagonga chuma, cheche zinaruka, ndipo baruti iwake. Na zama zile, wanangu, bila gobori hulimi. Unapanda muhogo wewe, wanavuna nguruwe.

Basi huyu bwana alikuwa na mwendo wake mmoja, mwendo huo ukamkondesha mkewe, Bi Mize. Hauzi kitu mpaka akutajie ubovu wake. Hujauliza bei, hujakaa hata kitako, keshakwambia: "Hili linavuta kushoto kidogo." "Hili zito, litakuumiza bega." Mteja kaja na mbuzi wake mkononi, anageuka naye! Haa! Bi Mize anabaki kuitazama kamba ya mbuzi inavyopotea njiani.

Ukimuuliza, anasema, "Dini haikuturuhusu kumuuzia mtu kitu chenye dosari tukanyamaza." Basi. Anarudi kwenye viriba vyake kuvuvia moto.

Sasa mji ule ule kulikuwa na tajiri, Bwana Mshamu, muuza bunduki za ng'ambo. Zinang'aa hizo! Unajitazama uso. Kila alasiri watu wakitoka kuswali, barazani ni mjadala wa magobori, utadhani wamo sokoni.

"Hebu nielezeni," anasema Bwana Mshamu, na joho lake jeusi kalikunjua kama mkia wa tausi. "Chuma cha hapa, makaa ya hapa, fundi wa hapa, hata jasho la hapa. Gobori la Mwinyikondo mbuzi wawili. Langu limevuka bahari, mbuzi mmoja na jogoo. Nani kati yetu anayewaonea?"

"Ndiyo hapo!" wanaitikia. "Cha nyumbani kingekuwa rahisi."

"Na mwenyewe anakiri yana ubovu!"

"Sasa kama mwenye mali anaisema vibaya, sisi tuisemeje?"

Kicheko! Fundi Mwinyikondo kakaa pembeni na tasbihi yake, wala hakukasirika. Akasema, "Bwana Mshamu, aliyelitengeneza hilo lako hatamwona aliyelinunua maisha yake yote. Mimi nitamwona kila Ijumaa, tumepanga safu moja. Ndiyo maana nachelewa kulimaliza, na ndiyo maana ni ghali."

"Na ndiyo maana huuzi," akajibu Mshamu.

Wakacheka tena. Na kweli hauzi! Ikafika pahala Bi Mize anapika majani ya muhogo bila muhogo wenyewe. Ndipo Bwana Mshamu akaja na maneno ya ubani: "Fundi, niuzie fuawe lako. Kuna mtu pwani analitaka, ajira atakupa hata wewe ukavuvie moto kwake." Fuawe, wanangu, ndilo lile pande la chuma anapofulia mhunzi. Lile lilikuwa la babu yake babu yake. Ukiliuza hilo, umeuza uhunzi, umeuza na jina. Fundi akainamisha kichwa, akasema kama mpaka Ijumaa hakuuza gobori hata moja kwa bei yake ya mbuzi wawili, basi, Mungu ndiye mpaji, atalitoa.

Katika juma hilo akaja mteja. Mjane mmoja, Bi Siwema, ulimi wake moto, wanaume wanambadilishia njia. Nguruwe wamemwingilia shamba, hakubakiwa na kitu cha kuwalisha wanawe ila muhogo ule ule.

Bi Mize akamvuta mumewe nyuma ya nyumba, machozi yanamlengalenga. "Mume wangu, sikwambii useme uongo. Uongo haramu, najua. Nakwambia unyamaze tu! Leo moja. Mdomo huu ufunge kama umekula ubuyu mchungu."

Fundi akatoka. Akampa Bi Siwema gobori. Mama wa watu akaligeuza, akalipima begani, akachungulia mtutu, akasema, "Hili nimelipenda. Mbuzi wawili, nitawaleta."

Fundi kimya. Bi Mize nyuma ya mlango anaomba dua zote alizofundishwa chuoni. Kimya. Bi Siwema kanyanyuka, kalitia begani, kafika uani. Hapo uso wa fundi ukawa unatoka jasho kama yuko motoni.

"Bi Siwema! Rudi, mama yangu. Lina dosari."

Nyuma ya mlango pakasikika kitu kinaanguka pu! Bi Mize huyo, kaketi chini.

"Tundu lake la moto jembamba," fundi akasema. "Ukivuta, cheche zitaruka, baruti ya juu itawaka, halafu litanyamaza pumzi moja nzima ndipo lilie. Usidhani limezimika. Usilishushe, usilichungulie. Lishike vile vile mpaka litoke, maana kutoka litatoka. Ningelitengeneza, lakini wewe una haraka na nguruwe wako."

Bi Siwema akaweka mikono kiunoni. "Kumbe kigugumizi! Mbuzi mmoja."

"Mmoja."

"Nitakayemchagua mimi."

"Mchague wewe, mama."

Akaletewa mbuzi. Bi Mize kumfunua mdomo, hana jino hata moja! Kikongwe cha mbuzi, hata majani kinatafuniwa. Bi Mize akamtazama mumewe, mumewe akamtazama mbuzi. "Huyu naye ana mwenyewe aliyenyamaza," Bi Mize akasema. Fundi akajibu, "Subira, mke wangu. Tumpikie uji." Uji! Mbuzi!

Alhamisi ikaingia. Kesho yake ndiyo Ijumaa ya fuawe. Jua linazama, Bwana Mshamu akaona asingoje, aende kwa fundi jioni hiyo hiyo akamkumbushe ahadi. Akakata njia ya mkato, katikati ya muhogo wa Bi Siwema. Sasa mchana ule alikuwa amealikwa karamu, kanywa maziwa mgando bakuli kwa bakuli kwa kuwa ya bure. Kufika katikati ya shamba, tumbo likamwita kwa jina lake. Likamwita mara ya pili! Mtu mzima afanye nini? Akatazama huku na huku, akalikusanya joho lake jeusi, akachutama.

Haa haa haa! Ngojeni, ngojeni nifute machozi.

Bi Siwema yuko juu ya dungu lake, kile kitanda cha miti cha kulindia shamba. Anaona majani yanatikisika. Anaona kitu cheusi, kinene, kimeinama, kinaguna. Hakudhani vibaya mama wa watu, nguruwe ndivyo alivyo! Akasema bismillahi, akalenga mgongo mweusi ule katikati, akavuta.

Chwaa! Cheche zikaruka, mwanga ukamulika muhogo wote.

Na gobori likanyamaza.

Katika ile pumzi moja, wanangu, pumzi hiyo moja, mgongo mweusi ukaota kichwa, kichwa kikaota kilemba, kilemba kikapiga ukelele: "Ni mimi Mshamu! Ni mimi, Muislamu mwenzio!"

Bi Siwema akakumbuka. Litatoka. Akanyanyua mtutu juu kwa nguvu zake zote, na hapo hapo ndu! Risasi ikampita Bwana Mshamu juu ya kilemba, ikaupiga mpapai nyuma yake, papai bivu kubwa likamwangukia utosini, pwaa! Likampasukia.

Bwana Mshamu akajipapasa kichwa, akaona kitu laini, cha moto wa jua, kinamtiririka mpaka ndevuni. "Nimekufa!" akalia. "Ubongo wangu huu! Nimeushika mwenyewe!"

"Huo papai, bwana," Bi Siwema akamwambia kutoka juu. "Na nguo jifunge kwanza, ndipo ufe."

Akateremka, wakaketi chini wote wawili, tajiri na mjane, wakawa wanalia na kucheka na kumshukuru Mungu, papai linanuka pote. Kisha wakaenda mbio kwa fundi, vile vile walivyo. Fundi kuwaona, mmoja kashika gobori na mwingine katapakaa rojo, roho ikamruka.

Bi Siwema akamwambia, "Fundi, laiti ungeninyamazia! Lilipokaa kimya ningedhani limezimika, ningelishusha liangalie chini pale pale alipo, likamlipukia. Ningekuwa nimeua mtu, wanangu wangebaki na nani? Neno lako ndilo lililonipandisha mkono."

 Fundi Mwinyikondo akaanguka sijida pale pale kwenye majivu ya kiwanda. Bi Mize naye nyuma yake, kalia mpaka ushungi ukalowa, maana alijua ni nani aliyemwambia afunge mdomo.

Sasa sikilizeni, maana mtihani wenyewe haujesha. Kesho yake, Ijumaa, watu wametoka msikitini, habari imeshazagaa. Wakamiminika kwa fundi kama kuna hitima. Wote wanataka gobori la kuchelewa!

"Nifulie lenye pumzi moja!"

"Mimi pumzi mbili, nina watoto wengi!"

Bwana Mshamu mwenyewe mbele yao, kaoga kanukia udi. "Fundi, yote nayachukua mimi. Mbuzi wanne kila moja. Tutayaita magobori ya salama, nitayauza mpaka pwani. Jana ubovu wako, leo baraka yako!"

Mbuzi wanne, jamani! Na hakuna uongo hata kidogo, kila mtu anajua linachelewa. Wote wakamtazama Bi Mize, maana walijua alivyoteseka. Safari hii Bi Mize hakumvuta nyuma ya nyumba. Alisema mbele ya watu, "Mume wangu, sema uliyonayo moyoni."

Fundi akasema taratibu, "Bwana Mshamu, ile ilikuwa dosari jana na ni dosari leo. Mwenyezi Mungu akitaka kumwokoa mja wake humwokoa hata kwa tundu bovu. Hiyo ni rehema yake, si ufundi wangu. Nikiliuza kosa langu kwa bei ya rehema yake, nitakuwa nimeiba. Na keshokutwa mmoja wenu atakutana na simba. Simba hangoji pumzi moja. Lete gobori, Bi Siwema, nilizibue."

 

Wa kwanza kusogea alikuwa Bi Siwema. Akampa gobori, akakohoa, akasema huku anatazama pembeni, "Fundi, yule mbuzi... hana meno."

"Tumeona," Bi Mize akadakia. "Anakula uji na sukari kuliko mimi."

Vicheko vikapasuka, na Bi Siwema naye akacheka mpaka akaegemea ukuta. Jioni yake akaleta mbuzi wawili, wenye meno yote. Kikongwe kile hawakukirudisha, kilishazoea uji.

Na Bwana Mshamu? Alizungushazungusha fimbo yake. Kisha akawageukia watu. "Zangu za ng'ambo," akasema, na maneno yanamtoka kama miiba, "vitako vyake, pale pa kuegemeza begani, mti laini. Wadudu bungua wanavila masika ya pili. Nilikuwa najua." Akamwelekea fundi. "Nivibadilishie, nami nitakuwa nawaambia wanunuzi kabla ya bei." Tangu siku hiyo fuawe halikutajwa tena. Lililia mji mzima, kang, kang, asubuhi mpaka adhuhuri, na watu wakasema hakuna sauti nzuri ya kuamkia kama hiyo. Magobori ya fundi yakabaki mbuzi wawili. Ghali vile vile! Na wakanunua.

Basi, wanangu, ukiwa na kitu kibovu, kiseme. Hujui neno lako litamnyanyulia nani mkono. Na Mungu akikusitiria kosa lako, mshukuru, usiligeuze kuwa biashara.

Aliyenihadithia haya? Ni Bi Mwanakheri binti Nasoro, yule anayekaa nyuma ya kinu cha mpunga, kitukuu cha Bwana Mshamu mwenyewe. Anasema mzee yule mpaka anakufa alikuwa akikaa barazani kila Alhamisi, anawasimulia vijana kisa hiki, na anaanzia pale tumbo lilipomwita. Hakuruka hata papai. Alikuwa akisema, "Dosari ya mali nimeshaitaja, na hii ya mwenyewe nayo muijue."

Sasa kama wenyewe wanasimulia, mimi nimewaapisheni kwa nini? Haa! Mngekaa kimya hivi, bila kiapo?